Ramani Kongwe na Majina ya Mitaa: Mfano wa Mji wa Zanzibar

Apitaye Darajani, Unguja, leo haoni daraja wala maji. Ramani ya mji ya mwaka 1892 huonyesha kilichokuwapo: hori lililoitenga rasi yenye Mji Mkongwe na mitaa ya upande wa mashariki. Hori hilo lilifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, jina likabaki. Hapa ramani yathibitisha tu yale ambayo mofolojia ya jina, yaani daraja pamoja na kiambishi cha mahali -ni, ilikwisha kuyadokeza.

Ng'ambo ni tatizo gumu zaidi. Neno hili halikamiliki kimaana pasipo kujulikana mahali anaposimama msemaji: ni upande wa pili wa maji kwa mtu aliye Mji Mkongwe. Hata hivyo, wakazi wa Ng'ambo wenyewe hulitumia kutaja kwao, ingawa maji hayapo tena. Ramani, ambayo huutazama mji kutoka juu, haiwezi kumwonyesha msemaji huyo wa kwanza. Swali hilo hubaki kwa mwanaisimu, naye hana budi kuwaendea wazee wa pande zote mbili, si wa mjini peke yao.