Nyumba Iliyozibwa Ina Maji na Sumu

Mwezi wa Julai mkulima wa Nyeri huamka na kukuta ukungu umefunika mashamba ya chai na kahawa, na manyunyu hayakomi. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Othaya, Mweiga na Nanyuki pia hupata baridi kali. Kwa hiyo usiku watu wengi huziba madirisha kwa magunia, kisha huingiza jiko la makaa chumbani. Tujifunze kwa nini desturi hii ni mbaya.

Maji hutoka wapi?

Paa la nyasi la zamani lilipitisha mvuke polepole, ingawa moshi uliumiza macho na vifua. Bati halipitishi kitu. Pumzi za watu, sufuria inayochemka na nguo zilizoanikwa ndani hutoa mvuke. Mvuke huo ukigusa bati lililopoa hugeuka kuwa maji na kudondoka. Ndipo godoro hupata unyevu, na koga huota ukutani nyuma ya kabati. Koga huwadhuru watoto na wenye pumu.

Sumu isiyoonekana

Wengi hudhani makaa yakishakuwa mekundu bila moshi hayana hatari. Sivyo. Hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuizuia isichukue hewa safi. Kichwa huuma, mtu huona kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke tena. Ukimkuta mtu hivyo, fungua milango, mtoe nje, umpeleke hospitali upesi, hata akisema amepona.

Fanya hivi:

1. Usilale na jiko la makaa ndani, hata likiwa jiko la kisasa, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Ongeza blanketi.

2. Toboa matundu mawili juu ya kuta zinazoelekeana, karibu na paa, kila moja upana wa tofali. Yafunike kwa wavu kuzuia panya na mbu. Hewa yenye joto na mvuke hupanda na kutoka hapo, wala upepo haumpigi aliyelala. Lakini kumbuka: matundu haya ni ya kutoa mvuke, hayaruhusu jiko chumbani.

3. Jenga jiko la kupikia mbali na chumba cha kulala, nalo liwe na dohani inayotoka juu ya paa.

4. Kila asubuhi fungua madirisha. Jua likitoka, anika godoro na blanketi nje.

5. Usiweke mahindi mabichi chumbani. Yakaushe mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, ndipo uyaweke ghalani. Mahindi yenye koga yaweza kuwa na sumu.

6. Weka mifereji ukingoni mwa paa, na chimba mtaro wa kuondoa maji karibu na msingi.

Kutoboa tundu ni kazi ya saa chache, nayo haihitaji fedha nyingi. Basi leo jioni, kabla ya kufunga mlango, hakikisha kwamba watoto wote wamo ndani na jiko liko nje.