Somo kwa Wakulima wa Skimu: Kuanzisha na Kuendesha Biashara ya Pamoja

Mkulima mwenye lita 10 za maziwa hawezi kukodi gari la kuyapeleka mjini, wala hana nguvu ya kubishana bei na mnunuzi. Maziwa yatachacha kabla ya kesho, na mnunuzi anajua hivyo. Lakini wakulima 20, kila mmoja na lita zake 10, wana lita 200, na hizo zaweza kulipia gari. Hii ndiyo maana ya chama cha ushirika. Kusudi lake ni kuwatumikia wanachama wote, si kumtajirisha mtu mmoja. Hata hivyo ni biashara, na biashara lazima ijilipie gharama zake.

WALIOTANGULIA

Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, wengi wao mafundi wa mishahara midogo, walichanga pauni moja moja wakafungua duka. Waliuza unga, siagi, sukari na mishumaa. Kanuni zao zilikuwa chache: kipimo cha haki, bidhaa safi, hakuna kukopesha, kila mwanachama kura moja, na faida igawanywe kwa kadiri mtu alivyonunua. Kanuni nyingi za vyama vya ushirika duniani zimetoka hapo.

Hapa Kenya, chama cha wakulima wa maziwa cha Githunguri, Kiambu, kilianzishwa mwaka 1961 na wakulima 31 tu. Baada ya miaka zaidi ya 40 kilikuwa na kiwanda chake chenyewe. Hakikuanza na kiwanda. Kilianza na maziwa.

HATUA ZA KUANZA

1. Kutaneni mkubaliane juu ya haja moja tu. Chama kinachoanza kwa kuuza maziwa, mbegu na mbolea pamoja huchoka mapema.

2. Pimeni maziwa ya kila boma kwa mwezi mzima na kuyaandika. Msikisie.

3. Mwoneni afisa wa ushirika. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 iliweka kwamba chama cha msingi kiwe na watu wasiopungua 10, na kiandikishwe pamoja na kanuni zake.

4. Kila mtu alipe hisa yake, apewe stakabadhi. Asiyelipa si mwanachama, hata akiwa jamaa ya mwenyekiti.

5. Chagueni kamati kwa kura. Anayeshika fedha asiwe yeye anayeandika daftari.

6. Pimeni maziwa ya kila mtungi yanapopokewa. Mtungi mmoja wenye maji au maziwa yaliyochacha huharibu ya watu wote.

HESABU YA CHAMA

Tuchukue mfano. Wanachama 20 huleta lita 200 kwa siku, yaani lita 6,000 kwa siku 30. Mnunuzi mjini hutoa shilingi 50 kwa lita. Mapato ni shilingi 300,000.

Gharama za mwezi ni hizi: gari 18,000, karani 15,000, sabuni, vipimo na karatasi 3,000. Jumla ni shilingi 36,000, yaani shilingi 6 kwa kila lita. Zinabaki shilingi 44. Chama kikimlipa mkulima 42 na kuweka akiba 2, kwa mwezi kina akiba ya shilingi 12,000. Akiba hiyo ndiyo ngao ya siku gari linapoharibika au mnunuzi anapochelewa kulipa.

HATARI KUBWA

Sasa aja mchuuzi na pikipiki, anatoa shilingi 45 pale pale langoni. Mkulima huona faida ya shilingi 3. Nusu ya wanachama wakimfuata, chama hubaki na lita 3,000 na mapato ya shilingi 150,000. Lakini gari na karani hawapungui. Gharama ni 36,000 zile zile. Sasa kila lita inabeba shilingi 12, na walio waaminifu hupata 38 tu, bila akiba. Mwezi unaofuata nao huondoka, na chama hufa. Mchuuzi akishabaki peke yake, nani atamzuia kushusha bei?

Kwa hiyo msimlaumu mwanachama tu. Mpeni sababu ya kukaa. Lipeni siku iliyotajwa, bila kukosa. Bandikeni hesabu ya kila mwezi mahali pa kupokelea maziwa: lita zilizoingia, fedha zilizopokewa, gharama, na akiba. Leteni mkaguzi kila mwaka, na taarifa yake isomwe mbele ya mkutano mkuu. Mtu akiona kwa macho yake shilingi 6 zake zimekwenda wapi, hatadhani zimeliwa. Pasipo daftari lililo wazi, hata kamati yenye haki huitwa wezi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kinachovuja hakijai.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Skimu yenu hutoa lita ngapi kwa siku, na mnajuaje?

2. Katika mfano wetu, wakibaki wanachama 15 wenye lita 10 kila mmoja, gharama kwa lita itakuwa shilingi ngapi? (Jibu: 8.)

3. Ni nani kati yenu aliyeliona daftari la chama mwezi uliopita?