Kupasuliwa Pafu Lenye Makovu

Tuseme baba yako amekohoa miezi mitatu. Hospitali wamempiga picha. Daktari anasema: "Mzee ana saratani ya pafu, tena mapafu yake yana makovu. Tukipasua kuna hatari." Nyumbani watu wanaulizana: kwani saratani si hukatwa tu ikatoka? Hatari ya nini tena?

Tuanze na pafu lenyewe. Pafu zima ni laini kama dodoki lililolowa maji. Hujaa hewa, hunywea, hujaa tena. Pafu lenye makovu limekakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani. Halitanuki vizuri, na hewa safi haipenyi upesi kuingia kwenye damu. Makovu hayo hayafutiki. Tena mwenye makovu hupata saratani ya pafu upesi kuliko watu wengine, hasa akiwa mvuta sigara.

Sasa upasuaji. Pafu la kulia lina sehemu 3, la kushoto 2. Mtu mwenye mapafu mazima akiondolewa sehemu moja, hubaki na akiba. Mzee wetu akiba hana. Lakini lililo baya zaidi ni makovu kuchachamaa baada ya kupasuliwa. Ndani ya mwezi mmoja tu, mapafu yaliyobaki huweza kuharibika ghafula, na pumzi ikabana kabisa.

Kule Japani walichunguza habari za wagonjwa 1,763 wa namna hii, waliopasuliwa kati ya mwaka 2000 na 2009. Makovu yaliwachachamaa watu 164, yaani 9 hivi katika kila 100. Utasema ni wachache. Haya, lakini katika hao 164, karibu 44 katika kila 100 walikufa. Hapana mchezo hapo!

Waliokatwa kipande kidogo walikuwa na hatari ndogo kuliko walioondolewa sehemu nzima. Sawa, lakini ukikata kidogo mno saratani yaweza kurudi. Na kuchomwa kwa mionzi je? Nako huweza kuchachamaza makovu. Na kukaa bure bila tiba, saratani inaendelea. Basi daktari akisitasita, msimwone mwoga.

Muulizeni: pumzi ya mzee imepimwa? Atakatwa kiasi gani? Na akisharudi nyumbani, pumzi ikianza kubana, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kuche.