Asali Iliyobaki Uwanjani

Ukitoka Temeke kwa daladala, ukapita TAZARA na kuifuata Barabara ya Nyerere, utafika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Wengi wetu huupita tu. Lakini siku hizi hata sisi wa Mbagala na Tandale tuna watoto Muscat na Dubai. Ipo siku utaitwa ukamwone mjukuu.

Mwanakisomo mmoja wa Temeke aliitwa hivyo. Binti yake alikuwa amejifungua Muscat. Mama akatia kwenye kikapu cha mkononi lita moja ya asali ya Tabora kwa ajili ya mzazi, kopo la samli na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Kwenye ukaguzi vyote vilitolewa. Mama akasema, "Mwanangu, hii ni asali tu, ionje." Mkaguzi hakuonja. Mama akapanda ndege mikono mitupu. Naye anajua kusoma! Ila hakuna aliyemwambia asome nini.

Sheria ni hii. Kitu cha majimaji unachoingia nacho ndani ya ndege kiwe kwenye chombo kisichozidi mililita 100. Vyombo hivyo vyote vitiwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha na kufungika, usiozidi lita moja. Kila msafiri mfuko mmoja.

Mililita 100 ni kiasi gani? Ni vijiko vya chai 20. Chupa ya soda ya mililita 350 ni kubwa mara tatu na nusu. Shika chupa yoyote nyumbani, tafuta herufi ml. Namba iliyo kando yake ndiyo anayoitazama mkaguzi. Hapo wengi hukosea. Chupa ya ml 200 iliyojaa nusu haipiti, ingawa mafuta yaliyomo ni ml 100. Kinachoangaliwa ni chombo.

Tena majimaji si maji tu. Asali, samli, achari, uji, dawa ya meno, mafuta ya kupaka na manukato, vyote vimo. Kashata, karanga na sabuni ya kipande havimo.

Maziwa ya mtoto mchanga unayesafiri naye, na dawa za mgonjwa, huruhusiwa kuzidi kiasi hicho, mradi ziwe za kutosha safari. Zitoe mwenyewe uzionyeshe, pamoja na cheti cha daktari.

Kwa nini ukali huu? Mwezi Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliopanga kulipua ndege za kutoka London kwenda Marekani na Kanada. Walikusudia kuficha vilipuzi vya majimaji ndani ya chupa za vinywaji. Siku zile za mwanzo hata mzazi aliambiwa aonje maziwa ya mtoto wake mbele ya mkaguzi. Mwezi Novemba 2006 nchi za Ulaya zikaweka kipimo cha mililita 100, na nchi nyingine zikafuata. Viwanja vichache vyenye mashine mpya vimeanza kulegeza, lakini wewe fuata 100, maana huenda ukabadilisha ndege njiani na kukaguliwa tena.

Labda utauliza, mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019? Ndiyo, ile ya kubebea bidhaa. Huu mdogo wa msafiri uliruhusiwa.

Basi asali ipite wapi? Itie kwenye sanduku unalolikabidhi kwa shirika la ndege likapimwa. Kaza kifuniko, zungushia plastiki, kisha ifunge ndani ya kanga. Uliza mapema ni kilo ngapi, na kama nchi unayokwenda inapokea chakula hicho. Mafuta ya taa na petroli usipakie popote, hata tone.

Zoezi

1. Una chupa za ml 75, ml 100 na ml 125. Ipi haiingii ndani ya ndege?

2. Mama wa Temeke angeweza kubeba nini kwenye kikapu chake?

3. Njoo darasani na chupa tatu kutoka nyumbani. Soma ml ya kila moja kwa sauti, kisha zipange kuanzia ndogo.