Mwalimu wa Mpira na Wito Wake

Soma: 1 Wakorintho 9:24–27, 2 Timotheo 2:5.

Wako watu wadhanio ya kuwa imani ni jambo la kanisani tu, na kwamba uwanja wa mpira hauna Bwana. Somo letu la mwezi huu ni juu ya neno hilo.

Katika nchi hizi za Shinyanga na Geita twajua jinsi sifa ya mpira ipitavyo upesi. Stand United ya Shinyanga ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, ikashuka mwaka 2019. Mwadui, timu ya penye mgodi wa almasi, ilipanda mwaka 2015, ikashuka mwaka 2021. Mwaka huo huo Geita Gold ilipanda, ikawa ya nne katika msimu wake wa kwanza. Nayo ikashuka mwaka 2024. Basi mwalimu awekaye moyo wake juu ya ushindi tu, amejenga juu ya mchanga.

Tumtazame Amos Alonzo Stagg wa Marekani. Alisoma elimu ya Mungu katika chuo cha Yale, akitaka kuwa mhubiri, akaona ya kuwa hakujaliwa ulimi wa kuhubiri. Hata hivyo hakuuacha utumishi. Mwaka 1892 aliingia Chuo Kikuu cha Chicago kufundisha mpira wa Kimarekani, ule uchezwao kwa mikono pia, akaihesabu kazi hiyo kuwa njia yake ya kumtumikia Mungu. Akadumu huko miaka 40. Dr. Martin Luther naye alifundisha hivyo: kila kazi ya haki ni wito, si kazi ya mchungaji peke yake.

Lakini wito huu una jaribu lake. Mchezo mkubwa ukikaribia, pengine wakubwa wa timu huchanga fedha za mganga. Mwalimu Mkristo huambiwa, "Wewe nyamaza tu, hatutaki hata senti yako." Je, anyamaze? Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ielezapo amri ya pili, yataja uchawi pamoja na uongo na udanganyifu. Tena vijana wanamtazama. Akinyamaza, amewafundisha ya kuwa Mungu hatoshi siku ya mchezo. Akikataa, na timu ikashindwa, lawama zote zitamwangukia, hata yamkini kazi itamponyoka. Hatusemi ni jambo jepesi.

Wala hatumwahidi ushindi, maana sala si hirizi. Aombapo na vijana wake, na aombe wacheze kwa haki, wasiumizane, washinde pasipo majivuno, washindwe pasipo chuki. Paulo amwonya Timotheo ya kuwa mshindani aivunjaye sheria hapati tuzo. Nao Wakorintho awaonyesha wakimbiaji wajinyimao mengi kwa ajili ya taji ya majani, inyaukayo. Taji yetu hainyauki.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kijana akiona mwalimu wake amenyamaza, atajifunza nini?
2. Sala yaweza kugeuzwaje kuwa hirizi?
3. Usharika wetu utamsaidiaje mwalimu aliyepoteza kazi kwa ajili ya kukataa?