Jina la Mtoto, Tuhuma kwa Mama
*Mwalimu wa ushauri nasaha anajibu maswali ya wazazi*

Mwanangu wa darasa la pili ana ualbino. Wenzake humwita "zeruzeru", wengine "mzungu". Majirani wanasema ni utoto tu.

Usikubali, mama. "Zeruzeru" linamgeuza mtoto mzimu, kiumbe ambaye eti hafi, hutoweka tu. "Mzungu" linasikika laini, lakini ndilo linalokuchoma wewe, kwa sababu limebeba swali ambalo watu wazima hunong'onezana: alizaa na nani? Mtoto wa miaka minane hakulitunga swali hilo. Amelisikia kwao.

Mume wangu naye ameanza kuuliza. Kwetu hakuna mwenye ualbino, kwao pia hakuna.

Njooni wote wawili, tuzungumze. Ualbino hurithiwa kwa baba na kwa mama, si kwa mmoja. Kila mmoja hubeba chembe ya urithi iliyojificha, na ngozi yake haioneshi lolote. Yaweza kupita vizazi kadhaa bila kujulikana. Wakikutana wawili walio nayo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino kwa kila watu 1,400 hivi. Kwa hesabu ya urithi, wanaobeba chembe hiyo ni yapata mtu 1 kwa kila 20. Daladala ikijaa, huenda yumo, na hajijui. Mumeo aelewe hivi: nusu ya ualbino wa mtoto imetoka kwake.

Mwalimu wa darasa afanye nini?

Aanze na ulimi wake mwenyewe. Wapo walimu wanaomwita mtoto "yule albino". Amkalishe mstari wa mbele, maana haoni mbali, na asiyeuona ubao huongezewa jina la tatu: mjinga. Amruhusu kuvaa kofia na nguo ya mikono mirefu. Somo la urithi alifundishe darasa zima, bila kumsimamisha mtoto awe mfano.

Mjukuu wangu ameitwa "dili" njiani.

Hilo, bibi, usimngoje mwalimu alikemee. Lilienea mitaani wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshika kasi Tanzania miaka ya 2006 na 2007, na maana yake ni kwamba mtoto ni pesa. Mwulize nani kalisema na wapi, kisha nenda polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo. Kesho msindikize shuleni, na jioni umfuate.