Leseni ya Tanzania Nchini Ujerumani

Swali: Nimeendesha gari Dar es Salaam miaka mingi. Kwa nini Ujerumani wananitaka nifanye mtihani upya?

Jibu: Ndugu msomaji, uchungu wako nauelewa, ila mtihani huo una maana. Leseni yako hutumika huko miezi 6 tu tangu uwe mkazi. Baada ya hapo ni mtihani wa nadharia na wa vitendo, ingawa hulazimishwi kurudia masomo yote ya udereva. Utasema uzoefu unatosha. Kweli, kuendesha upande wa kulia, kama ilivyo huko, huzoeleka upesi. Kazi ipo kwenye njia panda za mitaani zisizo na taa wala alama. Pale anayetokea kulia kwako ndiye hupita kwanza, hata kama katoka kichochoroni nawe uko kwenye barabara pana iliyonyooka. Aliyezoea kuona barabara kubwa ikipewa nafasi hatapunguza mwendo, wala hatajua kuwa amekosea.

Wapo wanaouliza: mbona wa Afrika Kusini hubadilishiwa leseni bila mtihani, nao huendesha kushoto kama sisi? Hapo lalamiko lina haki kabisa, maana kinachoamua ni orodha ya nchi, si ustadi wa dereva. Lakini orodha haimkingi mtu na ajali. Kwa hiyo anza maombi ya leseni mapema. Nadharia unaweza kuifanya kwa Kiingereza.